Tafsida, Kauli za Vitenzi na Ushahidi wa Ubakaji wa Kivita: Mafunzo ya Hukumu ya Akayesu kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna lugha inavyoamua ni sehemu gani ya ukatili wa kingono wa wakati wa vita inayoingia katika sheria na katika kumbukumbu ya pamoja. Data kuu ni hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda dhidi ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa Arusha tarehe 2 Septemba 1998, hususan sehemu ambamo majaji walifafanua maneno manne ya Kinyarwanda yaliyotumiwa na mashahidi. Makala yanabainisha tafsida za aina tatu: ya manusura, ya watendaji na ya sheria yenyewe. Hoja kuu ni kwamba fasili ya ubakaji iliyotolewa katika hukumu hiyo ilikuwa pia suluhisho la tatizo la lugha, kwa kuwa iliruhusu neno la staha lipokelewe kuwa ushahidi bila kumlazimisha shahidi aivue staha yake. Mwishoni uchambuzi huo unatumika kuupima msamiati wa Kiswahili, lugha ambayo sasa nayo inatumiwa kutolea ushahidi wa aina hiyo.

Istilahi muhimu: tafsida, kauli za vitenzi, ukalimani wa mahakamani, ubakaji wa kivita, kumbukumbu ya pamoja

1.0 Utangulizi

Kesi ya Jean-Paul Akayesu ilipoanza kusikilizwa Arusha tarehe 9 Januari 1997, hati ya mashtaka haikuwa na shtaka hata moja la ubakaji. Miezi 20 hivi baadaye, majaji walimtia hatiani katika mashtaka 9 kati ya 15, na hukumu yao ikawa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mabadiliko hayo kwa kawaida husimuliwa kama hatua ya sheria. Makala haya yanayaeleza pia kama tukio la lugha.

Mazingira ya kiisimu ya kesi hiyo yalikuwa ya pekee. Mashahidi walizungumza Kinyarwanda, lugha ya Kibantu. Majaji watatu, Laïty Kama wa Senegali, Lennart Aspegren wa Uswidi na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, walisikiliza kupitia wakalimani. Lugha za kazi za mahakama zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Nje ya ukumbi, wenyeji wa Arusha walizungumza Kiswahili, lugha iliyo jamaa ya Kinyarwanda lakini isiyokuwa na nafasi rasmi ndani ya ukumbi huo. Kila neno la shahidi kuhusu mwili wake lilivuka mipaka miwili au mitatu ya lugha kabla ya kuandikwa.

Maurice Halbwachs, katika kazi yake ya mwaka 1925 kuhusu viunzi vya kijamii vya kumbukumbu, alionesha kwamba mtu hukumbuka kwa kutumia viunzi vya kundi lake, na kwamba lugha ndicho kiunzi cha msingi kuliko vyote. Hoja hiyo ikikubaliwa, swali linalofuata ni zito: jamii hukumbuka nini pale ambapo neno la kulitaja tendo ni la aibu, halipo, au limetekwa na waliolitenda? Ili kulijibu, makala yanaanza na sheria, kisha yanaingia katika ushahidi wa Taba, na kumalizia na Kiswahili.

2.0 Tafsida ya Sheria

Ni kosa kudhani kwamba tafsida ni desturi ya wanavijiji na kwamba sheria husema waziwazi. Historia ya sheria ya vita inaonesha kinyume chake. Kanuni za Lieber za mwaka 1863, zilizotungwa kwa ajili ya jeshi la Serikali ya Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ziliutaja ubakaji kwa jina lake na kuuwekea adhabu ya kifo. Hata hivyo, Kanuni za Hague za mwaka 1907, katika kifungu cha 46, ziliagiza tu kwamba heshima na haki za familia ziheshimiwe. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949, katika kifungu cha 27, ulirudisha neno lenyewe, lakini ukaliweka chini ya dhana ileile: wanawake walindwe dhidi ya mashambulizi juu ya heshima yao, hasa ubakaji. Mkataba wa London wa mwaka 1945, ulioanzisha mahakama ya Nuremberg, haukuutaja kabisa.

Neno "heshima" hapa linafanya kazi ya tafsida, na kazi hiyo ina matokeo ya kimantiki. Likitumika, kinachojeruhiwa si mwili wala utashi wa mtu, bali sifa yake machoni pa wengine. Jeraha la sifa huongezeka kila linapotangazwa. Kwa hiyo sheria iliyokusudiwa kumlinda mwanamke ilimpa sababu ya kunyamaza. Kiswahili kina usemi unaolingana na mtazamo huo, yaani "kumvunjia mtu heshima", ambao hutumika kwa matusi madogo na pia kwa ubakaji. Msikilizaji huachiwa kukisia uzito wa tendo kutokana na muktadha.

Mkataba wa kuanzisha Mahakama ya Arusha, ulioambatanishwa na Azimio namba 955 la Baraza la Usalama la tarehe 8 Novemba 1994, ulibeba mitazamo yote miwili. Kifungu cha 3 kiliuorodhesha ubakaji miongoni mwa jinai dhidi ya ubinadamu. Kifungu cha 4 kiliuweka miongoni mwa matendo ya kuudhalilisha utu. Kifungu cha 2, kuhusu mauaji ya kimbari, hakikuutaja. Nafasi ya ubakaji ndani ya dhana ya mauaji ya kimbari ilibidi ijengwe na majaji, na malighafi ya ujenzi huo ilikuwa maneno ya mashahidi.

3.0 Kutoka Ushahidi hadi Mashtaka

Akayesu alikuwa burugumesta, yaani mkuu wa komuni ya Taba katika mkoa wa Gitarama, kuanzia Aprili 1993 hadi Juni 1994. Alikamatwa Zambia mwezi Oktoba 1995 na kupelekwa Arusha Mei 1996. Mashtaka ya awali yalihusu mauaji, uchochezi na mateso.

Mwanzoni mwa mwaka 1997, shahidi aliyepewa herufi J alieleza kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa na wanaume watatu. Hakuwa ameulizwa habari hiyo ili kuthibitisha shtaka, kwa sababu shtaka la namna hiyo halikuwapo. Baadaye shahidi H alieleza kwamba yeye mwenyewe alibakwa, na kwamba aliona wengine wakibakwa karibu na ofisi ya komuni. Majaji, hasa Jaji Pillay aliyekuwa mwanamke pekee katika jopo, waliendelea kuuliza. Wakati huohuo mashirika ya haki za wanawake yalikuwa yakishinikiza upande wa mashtaka uchukue hatua. Tarehe 17 Juni 1997 hati ya mashtaka ilirekebishwa na kuongezewa mashtaka matatu ya ukatili wa kingono.

Habari za ubakaji hazikuwa siri kabla ya hapo. Mwezi Januari 1996, René Degni-Ségui, mwakilishi maalumu wa Umoja wa Mataifa, aliripoti kwamba katika mauaji hayo ubakaji ulikuwa kanuni, na kutokuwapo kwake ndiko kulikokuwa jambo la kipekee. Alikadiria waliobakwa kuwa kati ya 250,000 na 500,000. Njia iliyotumika kupata idadi hiyo inastahili kuzingatiwa: ilianzia kwenye mimba, kwa makadirio kwamba ubakaji 100 huleta mimba moja. Kwa maneno mengine, takwimu ilitegemea kile ambacho mwili haukuweza kukificha. Maelfu ambao hawakushika mimba walihesabiwa bila wao kusema neno. Ripoti ilikuwa na idadi bila kauli, na kilichobadilisha mwenendo wa kesi ya Taba kilikuwa kauli za wanawake wachache.

4.0 Maneno Manne na Sarufi Yake

Wanawake hao walitumia maneno gani? Hukumu yenyewe inajibu. Majaji walitenga aya kadhaa kuzungumzia ukalimani na istilahi, wakitegemea kwa kiasi kikubwa ushahidi wa kitaalamu wa mwanaisimu Mathias Ruzindana na maelezo ya wakalimani wa mahakama wenye kumudu Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kuhusu tendo la kingono walibainisha maneno manne ambayo mashahidi waliyabadilishana na ambayo wakalimani waliyafasiri kwa neno moja, "ubakaji":

(1) a. gusambanya: kumfanya mtu azini
b. kurungora: kumwingilia mwanamke, awe ameolewa au la, awe ameridhia au la
c. kuryamana: kulala kitanda kimoja, kujamiiana
d. gufata ku ngufu: kuchukua kitu chochote kwa nguvu, kubaka

Hukumu iliishia kwenye maana za msamiati. Uchambuzi wa mofolojia unaonesha jambo zaidi. Kitenzi (1c) kina mzizi wenye maana ya kulala na kiambishi -an- cha kauli ya kutendana, kilekile kilicho katika vitenzi vya Kiswahili "kupendana" na "kujamiiana". Kauli hiyo huwafanya washiriki wote wawili kuwa watenda. Kitenzi (1a) ni kauli ya kutendesha ya "gusambana", na ndani yake -an- imekwisha kuingia: mmoja anamsababisha mwingine, lakini uzinzi unabaki kuwa wa wote wawili. Kitenzi (1b) kina mtenda na mtendwa walio wazi, ila hakisemi lolote kuhusu ridhaa. Ni (1d) pekee kinachotaja nguvu, na hata hicho hakitaji tendo la kingono. Ni usemi wa jumla uliopata maana mahususi kwa matumizi.

Hivyo basi, manusura aliyesimama kizimbani alikuwa na hiari ngumu. Akichagua neno la staha, sarufi yake ilimweka upande mmoja na aliyemtesa, kana kwamba tendo lilikuwa lao wote. Akichagua neno lenye kutaja nguvu, aliacha tendo lenyewe bila jina. Wakili mwenye nia ya kupotosha angeweza kuuliza: kama mlilala pamoja, nguvu iko wapi? Hatari hiyo iliondolewa na muktadha. Shahidi aliyetumia neno la kutendana alikuwa ameshaeleza mapanga, ua wa ofisi ya komuni, jamaa waliouawa na kundi la wanaume. Majaji walisisitiza kwamba muktadha wa matumizi ndio ufunguo wa maana na wa tafsiri.

Ukalimani ulikuwa na sehemu yake. Mkalimani anayefasiri "kuryamana" kuwa "kubaka" amefanya uamuzi: ameifidia sarufi ya Kinyarwanda kwa maarifa ya muktadha. Uamuzi huo unaweza kuwa sahihi kabisa, lakini katika kumbukumbu za mahakama zinazosomwa kwa Kiingereza hauonekani. Msomaji anaona shahidi aliyesema waziwazi, na staha iliyomgharimu kusema inapotea. Kwa kuyaandika maneno manne ya asili ndani ya hukumu, majaji wa Arusha waliacha alama ya kile ambacho tafsiri hukifuta.

5.0 Tafsida ya Watendaji

Tafsida ya manusura ni ngao. Ipo nyingine iliyokuwa silaha. Kabla ya mwaka 1994, wakati wa ushindani wa vyama vingi, wafuasi wa vyama nchini Rwanda walitumia kitenzi "kubohoza" kwa maana ya kuwalazimisha watu kuhama chama. Wakati wa mauaji ya kimbari kitenzi hicho kilitumika kwa mali zilizoporwa na kwa wanawake waliotekwa na kubakwa. Maana yake ya msingi ni kukomboa. Kinatokana na mzizi wenye maana ya kufunga, uliowekwa katika kauli ya kutendua, kama "fungua" inavyotokana na "funga". Kwa neno hilo, aliyemfunga mwanamke alidai kuwa amemfungua.

Hukumu ya Akayesu inatoa mfano mwingine. Shahidi JJ alieleza kwamba alimsikia mshtakiwa akiwaambia wanaume waliokuwapo wasimuulize tena ladha ya mwanamke wa Kitutsi ikoje. Sitiari ya kula kwa maana ya kujamiiana imeenea katika lugha nyingi, Kiswahili cha mitaani kikiwamo, na mara nyingi huchukuliwa kuwa mzaha. Kwa majaji, maneno hayo kutoka kinywani mwa mwenye mamlaka yalikuwa sehemu ya ushahidi kwamba alihimiza ubakaji. Uchambuzi wa sitiari ulihama kutoka kwenye fasihi na kuingia katika jinai.

Tafsida ya watendaji inaweza kudumu kuliko vita vyenyewe. Jeshi la Japani kabla na wakati wa Vita Kuu ya Pili liliwaita wanawake liliowaweka utumwani "ianfu", wanawake wa faraja. Jina hilo lilibaki katika lugha za dunia kwa miongo kadhaa. Kim Hak-sun wa Korea Kusini alijitokeza hadharani Agosti 1991, na mwaka 1996 Radhika Coomaraswamy, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, alieleza katika ripoti yake kwamba jina hilo halioneshi mateso yaliyowapata, akatumia badala yake "watumwa wa kingono wa kijeshi". Mgogoro kuhusu jina ni sehemu ya mgogoro kuhusu wajibu: anayekubali "faraja" amekubali kwamba kulikuwa na huduma, na anayetaja "utumwa" ameuliza mtumwa huyo alikuwa wa nani.

6.0 Fasili ya Kisheria kama Suluhisho la Lugha

Kwa msingi huo fasili ya Akayesu inasomeka upya. Majaji walifasili ubakaji kuwa uvamizi wa kimwili wenye asili ya kingono, unaofanywa dhidi ya mtu katika mazingira ya kulazimisha. Walikataa kuorodhesha viungo vya mwili na vitu, kama vile Mkataba dhidi ya Mateso usivyoorodhesha njia za kutesa. Sababu walizotoa zilikuwa mbili. Kwanza, kiini cha jinai hiyo hakiwezi kukamatwa kwa maelezo ya kimakanika. Pili, na hili halitajwi mara nyingi, walikumbuka uzito wa kitamaduni wa kuzungumzia mambo ya faragha hadharani, na maumivu ya mashahidi walioshindwa kueleza kinaganaga yaliyowapata.

Sababu ya pili inaonesha kwamba fasili ilitungwa huku masikio yakiwa kwa wasemaji. Kama kipimo kingekuwa kiungo kipi kiliingia wapi, ni maelezo ya kianatomia pekee ambayo yangetosha, na "kuryamana" lingeanguka. Kipimo kilipokuwa mazingira ya kulazimisha, neno la staha lilitosha mradi mazingira yamethibitishwa. Vivyo hivyo kwa ridhaa: sarufi ya kutendana, inayoashiria ushirikiano, ilikoma kuwa hoja, kwa kuwa katikati ya mauaji hakuna ushirikiano wa kuulizia. Majaji walikwenda mbali zaidi na kusema kwamba ukatili wa kingono unaweza kutokea hata bila miili kugusana. Mfano wao ulikuwa wa mwanafunzi aliyevuliwa nguo na kulazimishwa kufanya mazoezi ya viungo akiwa uchi mbele ya umati katika ua wa ofisi ya komuni.

Mkondo huo haukubaki bila kupingwa. Mahakama ya Yugoslavia ya zamani, katika kesi ya Furundžija ya Desemba 1998, ilirudi kwenye fasili inayotaja viungo, kwa hoja kwamba mshtakiwa ana haki ya kujua kwa uhakika anachoshtakiwa. Katika kesi ya Kunarac ya mwaka 2001 ilikazia kukosekana kwa ridhaa. Hoja ya uhakika ni ya haki na haiwezi kupuuzwa. Lakini ina gharama ya kiisimu: uhakika unaodaiwa hulipwa na shahidi, si na sheria. Mwaka 2006, Mahakama ya Rufani katika kesi ya Gacumbitsi ilipunguza gharama hiyo kwa kueleza kwamba kukosekana kwa ridhaa kunaweza kuthibitishwa kwa mazingira ya kulazimisha. Sheria ilirejea, kwa njia ndefu, karibu na mahali ambapo wanawake wa Taba walikuwa wameanzia.

7.0 Kumbukumbu ya Pamoja

Kuingia katika hukumu si sawa na kuingia katika kumbukumbu ya jamii. Mashahidi wa Arusha walilindwa kwa herufi: J, H, JJ. Ulinzi huo ulikuwa wa lazima. Hata hivyo ulileta hali ambayo hifadhi ya nyaraka, iliyobaki Arusha baada ya mahakama kufungwa tarehe 31 Desemba 2015, ina ushahidi usio na majina, ilhali vijiji vina majina ya watu ambao ushahidi wao haujasomwa hapo. Mambo hayo mawili hayakukutana kirahisi.

Ndani ya Rwanda tatizo lilijitokeza kwa sura nyingine. Sheria ya mwaka 1996 iliweka mateso ya kingono katika kundi la kwanza, la makosa mazito kabisa, na kwa hiyo kesi zake zilikuwa za mahakama za kawaida, si za gacaca. Mwaka 2008 sheria ilibadilishwa na kesi hizo kuhamishiwa gacaca, lakini zisikilizwe faraghani. Gacaca ilikuwa imeundwa kama mkutano wa wazi ambamo jamii inajenga simulizi yake pamoja. Kwa ubakaji, mlango ulifungwa. Uamuzi huo uliheshimu staha ya walalamikaji na ukawaepusha na macho ya majirani. Papo hapo uliiweka habari yao nje ya simulizi iliyojengwa uwanjani. Hapakuwa na njia iliyokosa hasara.

Kilichobaki hadharani kilikuwa watoto. Waliozaliwa kutokana na ubakaji walikadiriwa kuwa kati ya 2,000 na 5,000, na wakaitwa, kwa jina lililoenea kupitia Kifaransa, "watoto wa kumbukumbu mbaya". Muundo wa jina hilo unafanana na ule wa tafsida zilizojadiliwa. Kihusishi "wa" kinamfunga mtoto na kumbukumbu, si na mtu aliyebaka. Mtenda ametoweka katika kirai, na mzigo wa kukumbuka umehamia kwa mtoto na mama yake. Jamii ambayo haikupata nafasi ya kulitaja tendo kwa jina ililikumbuka kupitia jina la asiyekuwa na hatia.

8.0 Kiswahili kama Lugha ya Ushahidi

Uchambuzi huu si wa lugha ya jirani tu. Mashahidi kutoka Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wametoa ushahidi kwa Kiswahili mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, ikiwamo kesi ya Bosco Ntaganda, aliyetiwa hatiani Julai 2019 kwa makosa yaliyojumuisha ubakaji na utumwa wa kingono, hata dhidi ya watoto waliokuwa ndani ya kundi lake la wapiganaji. Kiswahili basi kinapaswa kujiuliza maswali yaleyale. Mifano ifuatayo ni ya kubuni kwa ajili ya uchambuzi:

(2) a. Askari walimbaka mwanamke.
b. Mwanamke alibakwa na askari.
c. Mwanamke alibakwa.
d. Askari alimwingilia mwanamke.
e. Askari alilala na mwanamke.
f. Mwanamke alinajisiwa.
g. Mwanamke aliharibika.

Sentensi (2a) na (2b) zinahifadhi mtenda. Katika (2c), iliyo ya kawaida zaidi katika habari na ripoti, kauli ya kutendwa inaruhusu mtenda aachwe, nayo sarufi haimlazimishi mwandishi kumrudisha. Kitenzi "kuingilia" katika (2d) kinalingana na "kurungora": kinafaa kwa mke na mume na kwa mbakaji na aliyebakwa, na hakisemi lolote kuhusu ridhaa. "Kulala na" katika (2e) kunalingana kwa maana na "kuryamana". Mtu anayesema (2e) kwa staha anaweza kuwa anasema kilekile anachosema msemaji wa (2a), na mkalimani asiyezingatia muktadha atampunja.

Mifano (2f) na (2g) inahitaji tahadhari zaidi. "Najisi" ni neno la Kiarabu lililoingia Kiswahili pamoja na msamiati wa tohara ya kidini: uchafu unaozuia ibada hadi uondolewe. Likitumika kwa ubakaji, uchafu unakaa kwa aliyetendewa. Nchini Kenya "unajisi" limekuwa istilahi ya kawaida katika habari za mahakamani kwa kosa la kingono dhidi ya mtoto, na wanaolitumia hawakusudii kumlaumu mtoto huyo. Lakini istilahi hubeba historia yake hata pale ambapo mtumiaji haikusudii. Kauli ya kutendeka katika (2g) inakwenda mbali kuliko zote: haina mtenda wala nafasi ya kisarufi ya kumweka. Kusema "aliharibika na askari" kwa maana hiyo hakukubaliki. Tendo limegeuzwa kuwa hali, na hali ni ya mwanamke.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. La kwanza ni la wakalimani na wanaorekodi ushahidi: neno la asili la shahidi liandikwe pembeni ya tafsiri yake, kama majaji wa Arusha walivyofanya kwa maneno manne. La pili ni la wanaleksikografia: vidahizo kama "najisi", "ingilia" na "haribu" vioneshe maana ya kingono pamoja na maelezo kuhusu ridhaa, mtenda na mtazamo unaobebwa na neno. La tatu ni la waandishi na watafiti: wanapotumia kauli ya kutendwa, wajiulize mtenda ameachwa kwa sababu hajulikani au kwa sababu sarufi imewarahisishia kumwacha.

Mapendekezo hayo yana mpaka. Yanawahusu wale wanaoandika kuhusu manusura, si manusura wenyewe. Kumtaka mwanamke aseme "nilibakwa" badala ya neno alilolichagua ni kumpa shuruti nyingine baada ya ile ya kwanza. Hata kicheko kinaweza kuwa shuruti: mwaka 2001, katika kesi ya Butare, majaji walicheka wakati shahidi aliyebakwa akihojiwa na wakili wa utetezi. Ilielezwa baadaye kwamba walicheka maswali ya wakili, si shahidi. Kwa aliyekuwa kizimbani tofauti hiyo haikuwa rahisi kuisikia.

9.0 Hitimisho

Makala yameeleza kwamba tafsida za ubakaji wa kivita hazina kazi moja. Tafsida ya sheria ilificha jeraha nyuma ya heshima. Tafsida ya watendaji iligeuza utekaji kuwa ukombozi na mtumwa kuwa faraja. Tafsida ya manusura iliwawezesha watu kusema jambo ambalo bila hiyo lisingesemwa kabisa. Kuzikataa zote kwa pamoja kwa jina la uwazi ni kumnyang'anya manusura chombo chake pamoja na kumnyang'anya mtendaji chake.

Umuhimu wa hukumu ya Akayesu kwa wanaisimu umo katika kutofautisha huko. Majaji hawakumtaka shahidi abadilishe lugha yake ili ifae sheria. Waliijenga fasili ya sheria kiasi kwamba lugha yake ilitosha. Kiswahili, ambacho tayari ni lugha ya manusura wa Kivu na Ituri, kinahitaji wakalimani, kamusi na wachambuzi wanaoweza kufanya vivyo hivyo: kusikia katika "alilala nami" kile ambacho sarufi haikisemi, na kukiandika bila kulifuta neno lililotumika kukisema.